Mwaka Ambao Chuma Hakikuingia Malishoni

Naserian alishuka kwenye basi la kutoka Kenya asubuhi, shuka begani na kikapu kimoja mkononi, na kabla hajanywa hata maji akaniambia kwamba lile shamba la uwandani halipo. Nikamuuliza limeuzwa lini, na aliyeuza ni nani. "Wewe Rispa, nisikilize," akasema. "Sikusema limeuzwa. Nimesema halipo. Pale tulipokuwa tunawapelekea madereva chakula sasa pana korongo. Ukimwingiza ngamia humo hutaiona nundu yake." Birika nililokuwa nimelishika nililiweka chini. Nimezika mume, nimezika watoto, nimelala chini ya kitanda hapa hapa Nakawa, Uganda, risasi zikipita barabarani, lakini sikuwahi kusikia shamba likifa. Shamba huuzwa, shamba hugombaniwa, shamba huibwa na watu wenye suti. Linaondokaje? "Liliondoka na upepo kwanza," akasema, "halafu mvua ikaja kubeba mabaki." Akaomba chai, kama mtu aliyetoa habari za bei ya nyanya.

Tulikuwa hatujaonana tangu tukiwa wasichana wenye meno yote. Aliyetuunganisha ni mjukuu wangu Doreen, anayejua kumtafuta mtu kwenye simu mpaka ampate hata kama amejificha. Nilimkalisha Naserian kitandani, kwa sababu chumba changu ni kimoja, kiti ni kimoja, na hicho kiti kina mguu mbovu. Nikampa katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo, kama wanavyokula hapa asubuhi. Akachambua utumbo wote, ndizi akaziacha, akasema ndizi za Uganda zinakaa mahali pa nyama bila ruhusa. Tulicheka mpaka Doreen akaja kuchungulia mlangoni. Kisha Naserian akafuta mikono, akasema kilichomleta si ndizi wala si mimi.

"Wanangu, Saitoti na wadogo zake, wanataka kuyakodisha malisho ya ndama."

"Malisho ya Yeyo?"

"Hayo hayo. Ndicho kilichobaki. Kuna mtu wa ngano amekuja na gari zuri. Anasema hatalima, atapulizia dawa tu na kupanda juu yake. Nikikataa, Saitoti ananiambia, mama, mbona Koko mwenyewe alikubali mwaka ule, na ngano ikaiva? Mimi nimjibu nini? Siku ya mapatano nilikuwa nje na ndama. Waliokuwa ndani wote wamekufa. Umebaki wewe, uliyekuwa unamimina chai." Akanikazia macho. "Jumapili wakitoka kanisani watakuwa pamoja. Utawaambia kwenye simu. Wewe watakusikiliza. Mimi ni mama yao."

Koko ndiye bibi yao, mama mzazi wa Naserian, ambaye sisi sote wa kambi ya matrekta tulimwita Yeyo, yaani mama, kwa lugha yao. Kabla sijajibu neno, tukasikia uani sauti ya pampu, fyu, fyu, fyu. Alikuwa ni Opio, askari wa geti, mzee wa kaskazini aliyestaafu jeshini, amebeba bomba la bluu mgongoni, akipulizia nyasi zinazoota kati ya matofali. Mwenye nyumba hapendi nyasi, anasema zinaleta nyoka. Naserian akainuka akasimama mlangoni, shuka limemshuka bega moja.

"Jaja, funga mlango kidogo," Opio akaniambia, akiniita bibi kama wanavyoniita wote hapa, kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Hii kitu inanukaga vibaya."

"Inaua nini?" Naserian akamuuliza.

"Inauaga majani tu, mama. Mtu haiui."

"Na chini?"

"Chini wapi?"

"Chini ya majani."

Opio akacheka, akajifuta jasho na mkono wa shati. "Chini ni udongo tu. Sasa udongo nao unakufaga?"

Naserian aligeuka akaniangalia mimi, na nikaona uso wa mama yake umekaa juu ya wake, mdomo ule ule uliofungwa kama mfuko. Hapo mwaka ule wote ukanirudia, na majina yake yote. Sikusoma sana, niliachia darasa la tatu, na haya nimemsimulia Doreen akayaandika vizuri. Lakini majina hayajawahi kunitoka.

Nilikuwa mpishi wa kambi ya matrekta, upande wa Narok, kule ambako mvua huja kama mgeni asiye na adabu, leo hayupo, kesho amejaa nyumba. Jiko lilikuwa mabati matatu yaliyoegemezwa, na mwamba wa mbao ambao chini yake ilibidi kuinama hata kwa mtu mfupi kama mimi. Mwenye matrekta alikuwa mpangaji aitwaye Wachira, mtu mpole, msafi, mwenye koti la kahawia alilolivaa hata juani. Alikuwa amekodi uwanda wote kwa baba yake Naserian, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa na haongei sana. Dereva mkuu alikuwa Ogola. Trekta lake alilipa jina la Atieno na alikuwa akilisalimia kila asubuhi kabla ya kutusalimia sisi. Naserian alikuwa rika langu. Alikuja kuleta maziwa siku ya kwanza, akanikuta napepeta unga, akakaa, na hakuondoka tena mpaka mwaka ulipokwisha.

Nataka nieleze walivyokuwa wakilima, maana bila hilo mtu hataelewa. Uwanda ule ulikuwa nyasi tupu tangu Mungu auweke. Ogola na mwenzake Njuguna waliugeuza kwa plau la sahani, wakaurudia tena kwa kukatisha, halafu wakapitisha haro ya kuvunja mabonge, kisha haro tena. Na walishindana. Jioni wakija kula ugali na mnavu, mazungumzo yalikuwa hayo tu. "Njuguna, wewe unalima mawe au unalima udongo? Nimeona bonge kwako kubwa kama kichwa chako." "Kichwa changu kina akili, Ogola. Lako la jana lilikuwa kubwa kama tumbo lako, na tumbo lako halina kitu." Mabonge yalikuwa aibu. Jani lililobaki juu ya udongo lilikuwa aibu kubwa zaidi, kama mtu aliyekwenda harusini na tope kwenye kiatu. Wachira alikuwa akija, anavua viatu na soksi, anazikunja vizuri ndani ya viatu, anatembea peku shambani kutoka mwanzo hadi mwisho. Akichomwa na kitu chochote, dereva anarudia. Asipochomwa, anavaa viatu na kuagiza nyama. Siku alipotembea uwanda mzima bila kuchomwa tulikula mbuzi. Niliushika ule udongo kwa mkono wangu, ukapita kati ya vidole. Ulikuwa laini kuliko unga niliokuwa napikia chapati, mweusi, mzuri, unanukia mvua ambayo haijanyesha. Sote tulisimama pale tukaushangaa. Hakuna aliyeogopa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kitu laini kiasi hicho kitashikwa na nini.

Kilichobaki bila kulimwa ni malisho ya ndama, mteremko wa kijani chini ya boma, wenye kisima pembeni. Uwanda ulikuwa wa mzee, lakini malisho ya ndama yalikuwa chini ya neno la Yeyo, na Wachira aliyatamani. Alikuja jioni moja kunywa chai nyumbani kwa Yeyo, na mimi nikaitwa nimimine, kwa sababu chai ya sukari nyingi ya wageni niliijua mimi. Humo ndani kulikuwa na moshi, harufu ya maziwa ya kibuyu, mzee amelala kwenye ngozi ameelekea ukuta, Ogola kwenye kigoda, Wachira na koti lake, na Yeyo. Kiswahili cha Yeyo kilikuwa cha sokoni, kifupi kama fimbo.

"Hapa chuma haingii," alisema.

"Mama, haitaingia," Wachira akasema kwa upole. "Mimi nasikia neno lako. Sitaleta plau, sitaleta haro. Sitageuza udongo wako hata kwa kijiko."

"Udongo kaa vile iko."

"Utakaa vile vile ulivyo. Nitaweka ngano juu tu. Nikishavuna, ndama wako wanarudi."

Nilimmiminia Wachira kikombe cha pili na hakukigusa. Kisha Yeyo akatoka nje, tukamsikia akiinama na kung'oa kitu, akarudi na kishungi cha nyasi mbichi mkononi. Watu wale wakishika nyasi mbichi wamekwisha kusema yote. Nyasi ni amani, nyasi ni ng'ombe, nyasi ni kiapo, adui aliyeshika nyasi hapigwi. Akampa Wachira kwa mkono wa kulia. Wachira akasimama, akainamisha kichwa, akazipokea kwa mikono miwili, akazitia kwenye mfuko wa koti lake la kahawia. Zikawa zinachungulia. Nakumbuka niliwaza kwamba yule mtu ana heshima.

Siku chache baadaye, kabla ya mchana, lori lilileta mapipa. Ogola alifunga nyuma ya Atieno kitu ambacho sijawahi kukiona, mabomba mapana yaliyokunjuliwa huku na huku kama mabawa ya ndege, na akaingia nalo malishoni taratibu. Yeyo alikuwa amesimama juu bomani, anaangalia magurudumu. Chuma hakikugusa udongo. Kilichoshuka kilikuwa umande tu, umande mzuri, jua likapita ndani yake tukaona rangi za upinde wa mvua. Naserian akaniambia, "Angalia, anazinywesha maji." Sote tulidhani anazinywesha. Siku iliyofuata nilipeleka uji bomani nikamkuta Yeyo amesimama pale pale. Mteremko wote ulikuwa umegeuka rangi. Nyasi zilikuwa bado zimesimama, kila moja mahali pake, lakini zote zimekuwa rangi ya ngozi ya simba aliyekufa zamani. Nilisikia mwili wangu ukiingia baridi juani. Hakukuwa na moto, hakukuwa na ukame, hakukuwa na nzige. Kitu kilichokuwa hai jana kilikuwa kimekufa bila kulala chini, na pembeni, kwenye kisima ambako mabomba hayakufika, kijani kiliendelea kama vile hakuna kilichotokea. Mpaka uliokatwa kati ya wafu na walio hai ulikuwa umenyooka kama mshono.

Yeyo alishuka akaenda kambini kwa miguu, nami nikimfuata, akamkuta Wachira anakunywa chai ya asubuhi. Kishungi cha nyasi kilikuwa bado mfukoni mwa koti, kimekauka. Akakionyesha kwa kidole.

"Wewe shika nyasi yangu."

"Ndiyo, mama."

"Halafu wewe ua nyasi."

"Mama, ulisema chuma kisiingie. Hakikuingia. Muulize Ogola." Na alisema kweli, wala hakuwa anacheka. Nadhani yeye mwenyewe aliamini ametimiza neno. Ogola alikuwa ameangalia kikombe chake, na huyo ndiye mtu aliyekuwa na utani kwa kila kitu. Yeyo hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Sasa ndama nipeleke wapi?" na mimi niliendelea kukanda unga kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Ilibidi ngano ipandwe bila chuma, kwa hiyo tukapanda sisi. Tulitembea kwenye nyasi zilizokufa tukirusha mbegu kwa mkono, mimi na Naserian na wanawake wa boma, na nyuma yetu punda wakakokota matawi ya miiba ili mbegu ishuke chini. Naserian alikuwa akilia na kurusha, kulia na kurusha. Ogola alirudi kwenye utani, lakini alitania kwa sauti ndogo. "Hii si ngano," alisema, "hii ni kuku wamemwagiwa chakula."

Mvua ilikuja. Kule uwandani ngano ya plau iliota haraka, kijani cha kutisha, watu wakawa wanasimamisha magari kuitazama. Kwenye malisho iliota kwa madoa, njano njano, imejificha kwenye maiti za nyasi kama watoto wenye njaa. Njuguna alicheka mpaka akakohoa. Baadaye sana niliuliza, nikaambiwa udongo uliogeuzwa unatoa akiba yake yote kwa mara moja, na nyasi zinazooza zinakula kwanza kabla ya kumlisha mwingine. Wakati ule hatukujua. Tulichojua ni kwamba Wachira alianza kulikwepa lile shamba la malisho, na kwamba alikuwa akiupiga picha uwanda. Jambo moja nililiona kwa macho ya jikoni. Baada ya mvua kubwa, ule unga mweusi wa uwandani ulikuwa umekuwa kinyunya, na jua lilipowaka ukakauka ukawa ganda, kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Ulikuwa ukigonga kwa kidole unasikia kama sufuria. Mvua iliyofuata haikuingia. Ilikimbia juu, ikateremka, ikachora mifereji midogo ambayo unaweza kuivuka bila kuiangalia.

Halafu mvua ikaacha. Jua likakaa. Ngano ya uwandani ikaanza kukunja majani mchana, kisha ikaacha kuyakunjua usiku. Ng'ombe wa majirani wakalikanyaga ganda wakalivunja, na unga ukarudi kuwa unga. Na siku ile ninayotaka kuisema, nilikuwa jikoni nasonga ugali, wa mchana, jua liko kichwani. Nikasikia mabati yanaimba. Nikadhani ni lori. Nikainama kutoka, nikaona uwanda umesimama wima. Sijui niseme vipi. Ardhi ilikuwa imeinuka, nyeusi, inatembea, na juu yake mbingu ya bluu kabisa. Njuguna alikuja anakimbia amejifunika shati kichwani, akanipita bila kuniona, anapiga kelele, "Inaondoka! Inaondoka!" Tuliingia wote chini ya mabati tukashikana. Naserian alikuwa amenikumbatia kiuno na meno yake yalikuwa yanagongana mgongoni kwangu. Ilipopita, sufuria la ugali lilikuwa jeusi kama lami. Wachira aliingia shambani na viatu. Ngano ilikuwa imelazwa, mizizi nje, myeupe, kama vidole vya mtu aliyetolewa kaburini. Akapiga magoti akaupapasa ule udongo mgumu uliobaki chini, mwekundu, ambao hatukuwahi kuuona, na akasema neno moja kwa lugha yao, yeye na Njuguna, ambalo Njuguna hakutaka kututafsiria. Tulipanda juu mpaka bomani. Mabati yangu, mti wa geti, migongo ya mbuzi, vyote vilikuwa vimevaa uwanda. Ulikuwa umeondoka ukaenda kukaa kwa watu wengine.

Na malisho yalikuwepo. Hapo ndipo niliposhtuka mara ya tatu mwaka ule, na mshtuko huu ndio unaonisumbua mpaka leo, kwa sababu sikuutaka. Yeyo alikuwa ameinama kule chini, amefunua nyasi zilizokufa kwa mkono. Akaniita. "Tia kidole." Nikatia. Chini kulikuwa na baridi. Kulikuwa na unyevu, siku zote zile za jua, na minyoo miwili ikajikunja kwa kukasirika. Ile ngano ya njano, ngano ya kuku, ilikuwa imesimama, na ilikuwa imeanza kugeuka kijani. Maiti za nyasi zilikuwa zimeushika udongo kwa meno. Yeyo aliangalia uwanda, akaangalia malisho, akaangalia tena uwanda. Hakusema kwamba Wachira alikuwa sahihi, wala hakusema kwamba alikuwa amekosea. Alifunika pale mahali kama mtu anavyomfunika mtoto.

Ngano ya malisho ilivunwa kwa mundu, maana kombaini ni chuma na Yeyo alikuwa bado amesimama juu. Tulikula chapati zake mwisho wa mwaka, ndani ya moshi ule ule, na Wachira akaja na koti lake kushukuru na kuomba mwaka mwingine. Yeyo akasema, "Ngoja." Akatoka nje kutafuta nyasi mbichi za kujibia, kwa sababu neno lililofungwa kwa nyasi za mahali hufunguliwa kwa nyasi za mahali hapo hapo. Tulimsubiri mpaka chai ikapoa. Niliposhuka kumtafuta nilimkuta anatembea malishoni ameinama, anafunua mabua hapa, anafunua pale, mkono mtupu. Majani yaliyokuwa yameota yalikuwa ya aina moja, magumu, yenye miiba, ambayo ndama hawayali. Mnavu niliokuwa nauchuma pale haukuwepo, nyasi zake hazikuwepo hata moja. Udongo ulikuwepo wote. Akarudi ndani akamwonyesha Wachira kiganja kilicho wazi, akakaa. Mimi niliondoka mwezi uliofuata, nikaolewa, nikaja huku.

Yaliyofuata amenieleza Naserian juu ya kitanda changu, Opio akimalizia kupulizia ua. Mzee wake alimpa Wachira mwaka mwingine akiliruka neno la Yeyo, na mwingine, na mwingine, dawa juu ya dawa, na mabua yakawa yanauzwa badala ya kuachwa yafunike. Uwandani walikuja wapangaji wengine na plau, kila mmoja akilima kilichoachwa na mwenzake, mpaka ile mifereji ya kuvukwa bila kuiangalia ikawa korongo. Wachira alipoondoka, Yeyo alianza kubeba mavi ya ng'ombe kwa kikapu kuyapeleka malishoni, na mbegu za nyasi kutoka ukingo wa kisima. Alifanya hivyo mpaka akafa. Naserian akaendelea. "Zimerudi juzi juzi tu," aliniambia. "Nimekuwa bibi ndipo nikaona ndama amelala humo na kushiba."

Jumapili Doreen aliweka simu katikati ya kitanda na kufungulia sauti. Nje wenzangu wa nyumba walikuwa wanafua, redio inaimba nyimbo za dini.

"Takwenya, Koko," Saitoti akanisalimia.

"Iko," nikaitikia, na Naserian akatabasamu kwamba sijasahau.

"Koko, tuambie ukweli. Bibi alikubali dawa au hakukubali?"

Niliwaambia yote, kama yalivyoandikwa hapa. Niliwaambia na ya kidole kwenye unyevu, sikuyaficha, na nikamsikia mmoja wao anasema, "Si mnaona? Dawa ndiyo iliyookoa udongo."

"Kilichookoa ni nyasi," nikasema. "Zilizokuwa zimekufa. Zingewaokoa mara ngapi, zikiwa hazioti tena? Bibi yenu hakuulizwa habari ya dawa. Alitoa nyasi, na mwenye kuzipokea alizitia mfukoni. Sasa mwambieni huyo mtu wenu wa gari zuri hivi. Kila mwaka akitaka kupanda, kwanza aje na kishungi cha nyasi mbichi alichong'oa humo humo malishoni, ampe mama yenu mkononi. Akizipata, apande. Asipozipata, aende."

Nilisikia kuku wa kwao. Naserian alikuwa amenishika goti.

"Koko," Saitoti akasema, na sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtoto. "Mama alipopanda basi, yule mtu alikuja na pampu. Tuliona tusimcheleweshe."

Sikuelewa. Naserian alielewa. Nilimwona anaelewa, kuanzia machoni hadi kwenye mabega. Doreen aliweka mkono mdomoni.

"Zimegeuka?" Naserian akauliza, kwa upole.

"Bado, mama. Zinaanza."

"Ukingo wa kisima?"

"Hapo hakufika."

"Hapo pasiguswe na mtu. Na hizo zikishakauka, msichome, msiuze, msiingize ng'ombe. Ziacheni zilale zilipo. Nakuja." Akazima simu kwa kidole kimoja, akaanza kukunja shuka lake. Hakulia. Alilia mwaka ule akirusha mbegu, nadhani machozi ya jambo hili alikwisha kuyamaliza. Tulipomsindikiza kupanda basi aliniambia tu nijitunze, na kwamba kiti changu kinahitaji fundi.

Jumatatu nilisikia tena uani, fyu, fyu. Nyuma ya tangi la maji kulikuwa na nyasi kidogo ambazo dawa ya kwanza ilizikosa. Nilibeba kile kiti chenye mguu mbovu, nikakiweka juu ya hizo nyasi, nikakaa.

"Jaja, toka hapo," Opio akasema. "Mimi nimetumwa."

"Pulizia kwingine."

"Kwingine nimemaliza. Majani iko chini ya kiti chako."

"Ndiyo maana nimekaa."

Akacheka, akaona mimi sicheki, akaacha. Kisha niliinama, nikang'oa kishungi kimoja cha nyasi, chenye udongo wake, nikamnyooshea kwa mkono wa kulia. Akazipokea kwa adabu, maana ni mtu mwenye adabu, bomba bado liko mgongoni.

"Nifanye nayo nini, Jaja?"

Aliangalia mfuko wa shati lake, akaona hautoshi, akabaki amezishika.